Doria Bila Mshahara

Kitanzi cha waya kinachonasa nyumbu katika mabonde ya mito Grumeti na Rubana hakigharimu kitu cha maana. Waya wenyewe mara nyingi hutolewa kwenye matairi chakavu yaliyochomwa moto. Ncha moja hufungwa kwenye shina la mti, kitanzi kikaning'inizwa usawa wa kichwa cha mnyama, pale njia inapobana kati ya vichaka vya kuelekea mtoni. Aliye ndani ya gari hauoni waya huo hata gari likisimama hatua ishirini tu kutoka hapo, kwa kuwa kutu imeufifisha na majani yamerudishwa yakae kama yalivyoota. Anayeuona upesi ni mtu aliyekulia katika vijiji vya Hunyari, Mariwanda au Robanda, anayejua nyumbu hupita wapi mwezi wa Juni na kwa nini hukwepa kichaka hiki wakaingia kile. Wakati mwingine anauona kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuutega. Ujuzi huo una thamani, na uhifadhi wa mkoa wa Mara umeutegemea kwa miaka mingi. Ila malipo yake yamekuwa posho ya siku, jozi ya buti na shukrani za mkutanoni. Hoja yangu ni kwamba wenyeji wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanastahili kuajiriwa kulinda mazingira yao kwa mkataba, mshahara na cheo. Tena ajira hiyo isihesabiwe kuwa hisani kwa maskini, maana bila watu hao kazi yenyewe haifanyiki vizuri.

Inafaa kukumbuka tulikotoka. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, na mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Upande wa magharibi, ambako leo ni wilaya za Bunda na Serengeti, maeneo ya Grumeti na Ikorongo yalipandishwa hadhi mwaka 1994 yakawa Mapori ya Akiba. Kabla ya mistari hiyo kuchorwa, Waikoma, Wanata, Waikizu na jirani zao waliwinda, walilina asali na kulisha mifugo katika nyika zile zile. Mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, ndiye aliyetia saini Tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori, ambalo wengi hulichanganya na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tamko hilo liliahidi kwamba Watanganyika watawatunza wanyama wao, kisha likasema wazi kuwa kazi hiyo inahitaji wataalamu, watumishi waliofunzwa na fedha, na kwamba mataifa mengine yanaombwa kusaidia. Kwa nchi iliyokuwa inakaribia uhuru ikiwa na wasomi wa kuhesabika, ombi hilo lilikuwa la haki. Tatizo ni fikra iliyobaki nyuma yake: kwamba ujuzi wa pori hutoka mbali, na kijiji kilicho kando ya pori kina mchango mmoja tu, nao ni kukaa mbali.

Nisieleweke vibaya kwamba natetea uhifadhi usio na askari. Serengeti yenyewe imetuonyesha kinachotokea doria inapolegea. Mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, watalii wakakauka, na bajeti ya ulinzi ikaporomoka pamoja nao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 tembo wa Serengeti walikuwa wamebaki mia kadhaa, faru weusi karibu wote walikuwa wametoweka, na nyati wa kaskazini mwa hifadhi walikuwa wamepungua mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Science, uliopitia kumbukumbu za takriban nusu karne, ulionyesha kuwa ujangili ulipanda doria zilipopungua na ukashuka fedha za doria ziliporudi. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu tembo zaidi ya 7,000 katika ikolojia ya Serengeti na Mara. Kwa hiyo swali la kama doria inahitajika limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni nani aifanye, na alipwe nini.

Tumwangalie basi anayekamatwa na waya mkononi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu vijiji vya magharibi mwa Serengeti uliona kuwa wengi wa waliokamatwa ni vijana wa kiume wenye kipato kidogo, na kwamba kadiri mtu alivyokuwa na mbuzi na kondoo wengi, au njia nyingine ya kupata fedha, ndivyo alivyopungua kuingia porini. Utafiti huo huo uligundua jambo lisilopendeza masikioni mwa wafadhili: kijiji kushiriki katika miradi ya uhifadhi shirikishi hakukupunguza kwa kiasi cha kuonekana uwezekano wa mtu kuwinda. Sababu yake haihitaji fumbo. Mpango wa Ujirani Mwema wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, umejenga madarasa na zahanati, na hayo ni mambo mema ambayo hakuna mzazi wa Bunda atakayeyakataa. Lakini darasa ni mali ya wote, na kimoro, ile nyama ya porini iliyokaushwa, humpa aliyeitafuta fedha yake mwenyewe wiki hii hii. Kijana anayedaiwa mahari, au ambaye pamba yake imeliwa na wadudu, hawezi kulipa deni kwa kuonyesha ofisi mpya ya mwalimu mkuu. Akiacha kuwinda madarasa yatabaki, akiendelea kuwinda yatabaki vile vile, kwa hiyo hayamshawishi kwa lolote. Mshahara ndio unaomgusa yeye binafsi, kwa kuwa anaupata kwa kufanya kazi na anaupoteza akivunja masharti.

Mifano ya jambo hili kufanyika tunayo karibu. Mfuko wa Grumeti, ulioanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika mapori ya Grumeti na Ikorongo, uliajiri askari zaidi ya mia moja, walio wengi wakitoka vijiji vya jirani, na baadhi yao walikuwa majangili wa zamani. Nyati na tembo waliokuwa wameadimika katika eneo hilo wameongezeka mara nyingi tangu wakati huo. Mwaka 2017 shirika la uhifadhi la Frankfurt likishirikiana na TANAPA na wenye hoteli na kambi za Serengeti lilianzisha vikosi vya kutegua mitego, vikiwa na watu wa vijijini waliokuwa wakijua namna mitego inavyotegwa, wakifuatana na askari wa hifadhi. Maelfu kwa maelfu ya nyaya yameondolewa, na wanyama waliokutwa wakiwa hai vitanzini wakafunguliwa. Kazi hiyo haifanyiki kwa ndege wala kwa kamera. Mtu hutembea kwa miguu, ameinamia njia ya mnyama, akitafuta tawi lililovunjwa kwa mkono. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Amboseli, mradi wa walinzi wa simba ulioanza mwaka 2007 uliwaajiri morani wa Kimasai, vijana wale wale ambao desturi iliwapa heshima kwa kumuua simba, na heshima ikahamia kwenye kumlinda. Mwaka huo huo serikali ya Australia ilianza kuwalipa mishahara Waaborijini wanaotunza ardhi za mababu zao, wakizuia mioto mikubwa kwa kuchoma nyasi mapema kama wazee wao walivyofanya. Australia ni nchi tajiri, kweli, lakini uamuzi wa kuuita ujuzi wa mwenyeji kazi, na kuulipia kama kazi, haukusubiri utajiri.

Kwetu hali ni ya nusu kwa nusu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni za jumuiya za hifadhi, zile tunazoziita WMA, zinawatambua askari wanyamapori wa vijiji, maarufu kama VGS. Wapo waliopelekwa mafunzoni Likuyu Sekamaganga, huko Namtumbo, wakarudi na vyeti. Katika WMA ya Ikona, inayoundwa na vijiji vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata-Mbiso, kuna mapato ya utalii ambayo askari wanaweza kulipwa kutoka humo. Lakini VGS wa kijiji cha Bunda kisicho na kambi ya watalii anajitolea. Usiku mmoja anaitwa na mwenyekiti wa kijiji kwa kuwa tembo wameingia, usiku mwingine anaitwa na askari wa hifadhi awaonyeshe njia, na akivunjika mguu mkewe ndiye anayetafuta nauli ya kumpeleka hospitali. Wenzake wa TANAPA na wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wamo katika mfumo wa Jeshi Usu, wana vyeo, mishahara na michango ya pensheni. Wote wanakutana na jangili yule yule mwenye panga na mishale ya sumu.

Anayedhani hili ni tatizo la wanyamapori pekee aende mwaloni Musoma. Kulinda mazalia ya samaki ya Ziwa Victoria kumekabidhiwa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinavyoundwa na wavuvi, wachakataji na wachuuzi wa mwalo wenyewe. Wanatakiwa kuwazuia wenye makokoro, nyavu za timba na nyavu za matundu madogo, na wenye hayo mara nyingi ni matajiri wa mitumbwi wanaowakopesha wavuvi mafuta. Mwanakikundi hana mshahara. Fedha za kikundi zikitegemea ushuru, uamuzi wa halmashauri wa kubadili mkusanyaji unatosha kuzikausha. Matokeo yake kila mkazi wa mwambao anayajua: ulinzi wa kila siku hulegea, wavuvi haramu huongezeka, kisha hushuka operesheni kutoka juu, nyavu zikachomwa hadharani, faini zikatozwa, malalamiko ya rushwa yakafuata, na baada ya miezi kadhaa makokoro yakarudi majini. Gharama ya operesheni moja hata wanaohusika hawaihesabu dhidi ya gharama ya kumlipa mwanakikundi mwaka mzima. Ingehesabiwa, nadhani mjadala ungekuwa mfupi.

Pingamizi la kwanza ni zito, na linasemwa na watu wenye uzoefu. Askari wa kijijini, wanasema, atamkamataje binamu yake? Atawaficha jamaa, atauza siri za doria, na ukimwajiri jangili wa zamani umewafundisha vijana wengine kuwa njia ya kupata kazi ni kuvunja sheria kwanza. Kuna ukweli humo, na mwajiri anayeupuuza atajuta. Lakini pingamizi hilo huchukulia kwamba mgeni hana kishawishi, jambo ambalo historia yetu inalikanusha. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, askari wa vyombo mbalimbali wakapelekwa kwa watu wasiowajua na ambao hawakuwajua. Haikupita muda mrefu ikasitishwa kwa sababu ya taarifa za mateso, vifo na uharibifu wa mali, na Desemba mwaka huo, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Ugeni hauzai uadilifu. Kinachouzaa ni usimamizi, na mwenyeji anasimamiwa kwa urahisi zaidi: anapokaa panajulikana, ng'ombe aliyenunuliwa ghafla anaonekana, na mkutano mkuu wa kijiji unaweza kumhoji. Hatari ya undugu nayo ina dawa iliyokwisha kutumika, yaani vikosi mchanganyiko vyenye wenyeji na wasio wenyeji, na kumpangia mtu doria ya usiku mbali kidogo na kitongoji chake. Kuhusu kumzawadia mkosaji, sharti liwe kwamba nafasi nyingi ziende kwa ambao hawajawahi kushtakiwa, na wachache waliotubu wachukuliwe kwa ujuzi mahususi wa kutegua mitego, chini ya uangalizi.

Pingamizi la pili ni la Kitanzania hasa. Ukisema wenyeji waajiriwe, unaukaribisha ukabila ambao Mwalimu Nyerere aliupiga vita maisha yake yote. Kesho Waikizu watadai Grumeti ni yao, Wajita watadai ziwa, na Wasukuma waliohamia Bunda miaka mingi iliyopita wataambiwa warudi walikotoka. Hofu hii ni ya kweli na haijibiwi kwa kuipuuza. Inajibiwa kwa kuchagua kipimo sahihi. Kijiji chetu kisheria si cha kabila. Ni cha wakazi walioandikishwa, wanaopiga kura katika mkutano mkuu mmoja. Mwenyeji anayestahili nafasi ni yule ambaye shamba lake linaliwa na tembo na ambaye mtoto wake anachota maji kwenye mto wenye mamba, awe Mwikoma, Mkurya, Mjaluo au Msukuma. Jina la kipimo hicho ni ukaazi, na pingamizi la ukabila halikifikii.

Wa tatu ni wenye kikokotoo. Makadirio ya nyumbu wanaouawa kwa ujangili Serengeti yanatofautiana, kuanzia 40,000 hadi zaidi ya 100,000 kwa mwaka, na wanaowinda ni maelfu. Nafasi mia mbili au mia tatu za kazi zitazuia nini? Hapa nakubali sehemu ya hoja. Ajira ya doria haitammaliza kila mwindaji, na anayeiuza kwa ahadi hiyo anadanganya. Thamani yake iko kwingine. Mshahara mmoja wa kudumu kijijini Mihale hulipa ada, hununua mahindi ya jirani, huezeka nyumba ya mama, na humpa kijana wa kidato cha tatu picha ya mtu aliyefanikiwa kwa pori bila kuiba. Zaidi ya hapo, humpa askari sababu ya kusikiliza. Taarifa ya nani amenunua risasi, au pikipiki ipi inabeba kimoro alfajiri, hupatikana kwenye kilabu cha pombe na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mahali ambapo gari la doria haliingii.

Hata hivyo, jambo linalobadilisha hesabu yote ni tembo. Mafanikio ya ulinzi yamewarudisha kwa wingi, na vijiji vya Bunda vilivyo kando ya hifadhi vinawalipia. Mahindi na mtama vikikaribia kukomaa, familia hulala shambani juu ya dungu, baba na tochi, watoto na madebe ya kugonga. Kundi likiingia, ekari mbili huisha kabla ya jogoo wa kwanza. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 ziliweka malipo ya ekari zisizozidi tano na shilingi milioni moja kwa aliyeuawa, na wakulima wamelalamika mwaka hadi mwaka kwamba hata hizo huchelewa. Askari anayekuja asubuhi kupima hasara, baada ya kutokuonekana usiku, hawezi kupendwa, hata awe mwadilifu kama malaika. Kwa hiyo mkataba wa askari wa kijiji ni lazima uandike kazi mbili kwa uzito mmoja: kumlinda mnyama asiuawe, na kulilinda shamba lisiliwe. Apewe mabomu baridi, tochi kali, redio na mafunzo ya uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki, na siku ya tathmini aulizwe ni mashamba mangapi yameokolewa pamoja na nyaya ngapi zimetolewa. Mkulima aliyemwona askari matopeni saa nane za usiku, akimfukuza tembo kutoka kwenye mtama wake, atampa kesho yake jina la anayetega mitego.

Nyatwali inaonyesha kinachokosekana jambo hili lisipofikiriwa mapema. Serikali iliamua wakazi wa kata hiyo ya Bunda wahame ili wanyama wa Serengeti wafike bila kizuizi kwenye maji ya Ghuba ya Speke. Mjadala wa miaka yote ulihusu fidia, yaani bei ya ekari, bei ya mti na bei ya nyumba, na ulistahili kuwapo. Lakini watu wa Nyatwali ni wavuvi na wakulima wanaoijua kila ghuba ya mwambao ule, na ushoroba mpya wa wanyama utahitaji walinzi. Kwangu mimi, nafasi za ulinzi huo zingeandikwa katika mkataba wa kuhama sambamba na hundi, maana fidia hutumika ikaisha.

Linabaki suala la fedha na la sifa. Fedha zikitegemea watalii pekee, askari wa kijiji atakuwa wa kwanza kukosa mshahara. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, watalii walioingia Tanzania waliposhuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi kama 620,000, na jumuiya za hifadhi zikashindwa kuwalipa watu wao wakati njaa ikiwasukuma wengine porini. Dawa ni mfuko wa akiba unaojazwa miaka ya neema, na fungu la mishahara ndani ya bajeti za halmashauri za Bunda, Butiama na Musoma, kama lilivyo fungu la watendaji wa vijiji. Kuhusu sifa, tangazo la kazi la leo huomba cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya chuo kama Pasiansi, kilichoko Mwanza tangu mwaka 1966, na mtu aliyeishia darasa la saba anaachwa nje hata kama ametegua mitego kwa miaka. Nchi hii tayari ina njia ya kulitatua hilo. Fundi mwashi wa Musoma aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa na VETA, mamlaka ya ufundi stadi, kwa kazi ya mikono yake, bila kukaa darasani, akapewa cheti cha kurasimisha ujuzi wake. Kusoma nyayo, kutambua mtego, kukadiria kundi la tembo gizani na kutoa ushahidi mahakamani bila kuharibu kesi ni ujuzi unaopimika vile vile, na Pasiansi ingeweza kuusimamia mtihani huo vijijini bila kujenga hata darasa moja jipya.